Tulilipia hoteli ya ufukweni Nyali, tukaishia Likoni kwenye maji ya chumvi. Leo picha ya shangazi yangu ndiyo tangazo la kampuni iliyotupeleka!

Wakuu habari za jioni. Mods naomba uzi huu uachwe peke yake, msiuunganishe na ule wa safari za bei nafuu, maana huko huko ndiko nilikompata huyu jamaa mwenye kampuni ya safari.

Naandika nikiwa na hasira, nivumilieni. Kampuni siitaji jina. Mwenyewe akisoma atajijua.

Jana usiku mdogo wangu kanitumia tangazo la Instagram. Picha imejaa kioo kizima: shangazi yangu, mtu mzima wa miaka 61, kakaa juu ya mkokoteni kwenye kivuko cha Likoni, kapakata begi, kanga kaifunga kichwani, viatu kavishika mkononi. Chini yake wameandika: "Siku za mwisho zilizojaa msisimko! Nafasi zimebaki 6."

Msisimko! Nikaiweka simu chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena. Bado imeandikwa msisimko.

Sasa nieleze ule msisimko ulikujaje.

Safari ilikuwa ya siku 9 kwa barabara. Dar, Arusha, Namanga, Nairobi, Naivasha, Voi, Mombasa, kisha tunatokea Lunga Lunga na Horohoro, Tanga, nyumbani. Watu 21 kwenye Coaster, 1,150,000 kwa kichwa. Mimi nililipa mbili, yangu na ya shangazi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuvuka mpaka wowote. Siku sita za kwanza sina neno, niseme ukweli. Naivasha tulikula samaki, Nairobi tulipigwa baridi mpaka watu wakanunua masweta ya mtumba, karibu na Voi tuliona wale tembo wekundu wa Tsavo barabarani kabisa. Ningekuwa nimeandika uzi wa kumsifu.

Lakini hela yangu niliitoa kwa ajili ya siku tatu za mwisho. Kwenye ratiba yake, ninayo hapa, siku ya 7 hadi ya 9 ni Mombasa: hoteli ya ufukweni Nyali, Fort Jesus, Mji wa Kale, kupanda jahazi jioni. Shangazi alishona dera jipya la hiyo jahazi.

Siku ya 7, saa kumi na moja jioni, tuko Mariakani, Mombasa tunainusa. Polisi wakasimamisha gari. Askari kaja dirishani kwa upole tu: "Kadi ya njano." Kiongozi wa msafara, mfanyakazi wa yule jamaa mwenye kampuni, akaanza kukusanya vyeti vyetu vya chanjo ya homa ya manjano. Vyote. Akashuka navyo, akamkabidhi. Yule askari akavitandaza mkononi kama karata, akamtazama, akasema: "Hizi ni za watu. Mimi nataka ya gari."

Kwa msiojua, gari likivuka mpaka linatakiwa bima ya Yellow Card ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo hata sisi Tanzania tunaitumia. Yetu ilikuwepo, ila imeisha tangu jana yake. Safari ya siku 9, bima inaishia siku ya 6! Dereva akaja kunong'ona baadaye kwamba bosi wake alikuwa anamalizia ile ya msafara uliopita. Dereva sina ugomvi naye, yule kijana ni mstaarabu, na usiku huo alilala ndani ya gari.

Coaster ikabaki kituoni. Sisi tukashushwa na mabegi, giza linaingia, tukadandia matatu kwenda mjini, shilingi mia tatu za kwao kwa kichwa na mia nyingine ya begi. Piga mara ishirini hivi upate za kwetu. Kutoka mjini tena tuktuk hadi Nyali. Kufika mapokezi, dada wa watu katafuta majina yetu kwenye kompyuta, kayaona, kanyamaza kidogo. Akasema vyumba viliombwa ila havikulipiwa, tangu mchana wamepewa wengine.

Nikampigia mwenye kampuni. Simu ya kwanza hakupokea. Ya tano akapokea, na wala hakushtuka: "Msijali mkuu, nina nyumba nzuri ya rafiki yangu upande wa pili wa maji."

Mnaojua Mombasa hapo mmeshacheka. Nyali iko kaskazini ya kisiwa. Likoni iko kusini. Yaani urudi ukikate kisiwa kizima, halafu upande kivuko. Saa tatu na nusu usiku, watu 21, wamo wenye watoto, na shangazi yangu mwenye goti.

Kivuko chenyewe kwa mtembea kwa miguu ni bure, hilo niwape. Ila watu wanaovuka pale ni bahari juu ya bahari. Na siku ile maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo ule mteremko wa kuingilia pantoni ulikuwa mkali, umelowa, unateleza. Shangazi kashuka hatua mbili, kasimama, kavua viatu. Kanishika mkono: "Baba, mimi hapa sipiti."

Ndipo akaja kijana mmoja wa mkokoteni, magunia yake ya viazi kayasogeza pembeni. "Mama, panda hapa juu. Begi nakubebea, wewe wanipa mia mbili tu."

"Mwanangu, si nitatumbukia?"

"Hutumbukii mama. Mimi navuka hapa tangu mdogo, hata kiazi kimoja sijaangusha."

Akapanda. Nilikuwa nyuma nimeushikilia ule mkokoteni kwa mikono miwili, moyo uko mdomoni, na kiongozi wetu wa msafara kasimama pembeni anapiga picha. Nikajua anapeleka ushahidi kwa bosi wake kwamba tunateseka. Kumbe anatengeneza tangazo! Hakubeba hata begi moja, yule mtu.

Nyumba nzuri ya rafiki ilikuwa gesti ya vyumba nane. Tukabanana watatu watatu. Maji ni ya kisima, chumvi tupu, sabuni unasugua mpaka mkono unauma povu hulioni. Shangazi kapiga mswaki, katema, kaniuliza tena: "Baba, hii ndiyo ile hoteli?" Sikuwa na jibu. Asubuhi tukanunua maji ya mtungi kwa mzee anayepita na mkokoteni (mikokoteni imenifuata safari nzima).

Siku ya 8 tukasema basi, tusiharibu kila kitu, twende wenyewe Fort Jesus. Pasipoti zetu zote anazo kiongozi wa msafara, alizichukua Namanga "kwa usalama". Na kiongozi alfajiri keshaondoka, kaenda kushughulikia gari, simu kazima. Getini mwana Afrika Mashariki ana bei yake na mgeni wa mbali ana bei yake, ila uonyeshe kitambulisho. Nikamwambia yule kaka wa tiketi, sasa sisi si unatusikia tunavyoongea? Akacheka: "Kiswahili hata Mtaliano wa Malindi anaongea." Simlaumu, yuko kazini. Kwa bei ya mgeni wa mbali, tukipiga hesabu ya watu 21, hatukuwa na hela hiyo mifukoni. Tukabaki nje tunazitazama zile kuta.

Siku hiyo ilikombolewa na mzee mmoja muuza kahawa kule Mji wa Kale. "Nyinyi mwatoka Tanga?" Tukamwambia Dar. "Basi si wageni, ketini." Tukaketi kwenye baraza, kahawa chungu na kashata, naye akatupa historia yote ambayo tungeisoma ndani: Wareno kuianza ile ngome mwaka 1593, Waarabu wa Oman kuizingira tangu 1696 hadi wakaichukua 1698, waliokuwa ndani wanakufa kwa njaa na maradhi. Shangazi akamwuliza, "Miaka miwili na zaidi wamefungiwa humo, maji walipata wapi?" Mzee akasema kilikuwemo kisima, ila maji yake ya chumvi. Shangazi akanigeukia, hakusema kitu.

Jahazi hatukuiona. Dera limerudi Dar halijavaliwa.

Siku ya 9 kadi mpya ikaja na basi kutoka Dar, gari likaachiwa mchana. Dereva alitaka kuja kupanga foleni ya kivuko, dereva mwenzake wa matatu akamwambia "Likoni ya nini, pita Dongo Kundu", akatokea barabara ya Lunga Lunga bila kugusa pantoni. Kumbe njia ipo. Kampuni inauza safari ya Mombasa na haijui njia ya Mombasa. Horohoro tulivuka usiku, Dar tukaingia alfajiri ya siku ya 10, nikaenda kazini na mchanga kwenye soksi.

Madai yangu ni haya. Kwenye mchanganuo wake mwenyewe, hoteli ya Nyali ni 90,000 kwa siku kwa kichwa, mara tatu. Fort Jesus na jahazi 50,000. Jumla 320,000, mara mbili ni 640,000. Nauli za matatu na tuktuk nimemsamehe. Wiki ya tatu sasa namwandikia. Jibu lake hili hapa neno kwa neno: "Mkuu, safari ya barabara ndiyo ilivyo, mngetaka uhakika mngepanda ndege."

Nauliza wanasheria wa humu: anayedai hoteli iliyolipiwa na haikutolewa aanzie wapi, Tume ya Ushindani au mahakama ya mwanzo? Risiti ninazo, ratiba ninayo, meseji ninazo. Na ile picha kaitumia bila kumwomba mwenyewe, hilo nalo likoje kisheria?

UPDATE: Saa mbili hii kanipigia, kumbe uzi kauona. Anasema ataifuta picha na atanipa punguzo la asilimia 10 safari ijayo. Nimemwambia safari ijayo apande yeye huo mkokoteni, mimi nataka 640,000.

UPDATE 2: Nimemweleza shangazi kwamba picha inafutwa. Kaniambia nimzuie kwanza huyo jamaa, amtumie yeye isiyo na maandishi. Anataka kuisafisha aitundike sebuleni.