Nifute penseli kwenye kamusi hii kuukuu, au niiache?

BintiLikoni

Asalaam aleikum jamani. Nna swali, na naomba mnivumilie kwa maelezo marefu.

Kila Jumamosi nikivuka feri kwenda mjini Mombasa, sirudi kabla sijapita kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza turubai kandokando ya barabara, karibu na Marikiti. Pale huwezi kujua utakuta nini. Vitabu vya KCSE vya mtaala uliokwisha. Riwaya za Kijerumani walizoacha watalii kwenye hoteli za Diani, nyingine bado zina mchanga ndani. Vitabu vya dua vya Kigujarati, nahisi vimetoka nyumba iliyohamwa. Mwongozo wa injini za meli. Mie huchutama nikapekua kimoja kimoja mpaka magoti yaume.

Jumamosi iliyopita, chini kabisa ya lundo, nikavuta kitabu kinene, jalada la kitambaa, uti umeachia nusu. Ni kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Johnson, ile ya Oxford. Muuzaji alitaka mia tatu, tukapatana mia mbili.

Kilichonishika ni penseli. Kuna mtu ameipitia karibu kila ukurasa, hati ndogo iliyolalia kushoto, akaandika pambizoni. Penye njia ameandika "ndia". Penye nchi, "nti". Penye cheka, "teka". Penye jicho, kando ya wingi wake macho, ameandika "mato", akapiga mstari mara mbili kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka kidogo. Ukurasa wa kwanza jina lake limeliwa na wadudu, limebaki neno "Kibokoni" tu, ule mtaa wa Mji wa Kale Mombasa.

Sasa bwana mmoja anayenunua vitabu vya zamani aliiona mkononi mwangu, akanambia nifute penseli yote kwa raba, ati kitabu kisafi ndicho chenye bei. Tangu hapo sina raha. Nifute? Nitajuaje kama ni chapa ya 1939 au ya baadaye? Na hii harufu ya koga naitoaje?

Fundi wa Majalada

Wa aleikum salaam dada. Raba iweke mbali kwanza.

Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu. Ukikuta 1939 peke yake, ni chapa ya kwanza. Ukikuta chini yake mlolongo wa miaka, hiyo ni miaka kilipopigwa chapa tena, na ule wa mwisho ndio wa nakala yako. Kamusi hiyo imechapwa mara nyingi, usije ukashangaa.

Koga: usianike juani. Jua letu litapausha jalada na kukausha gundi mpaka kurasa zianze kudondoka. Kisimamishe, kurasa zimeachana kidogo, mahali penye kivuli na upepo, siku mbili tatu. Kikishakauka kabisa toka nje, vaa barakoa, upanguse kwa brashi laini. Ukipangusa kikiwa na unyevu utaipaka koga ukurasa mzima. Madoadoa ya kahawia hayo yaache, hayatoki bila kuumiza karatasi.

Wadudu: tia kitabu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga vizuri, weka ndani ya friza wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka kirudi joto la chumba, ama kitatoka jasho ndani.

Na uti huo ulioachia, tafadhali usibandike selotepu. Nimeletewa vitabu ambavyo gundi yake imegeuka rangi ya chai, na ukiibandua inaondoka na herufi.

mwanamvita

Bi, wallahi usifute hata nukta.

Mkutano ulioamua kwamba Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika hapa hapa Mombasa. Kamati ya lugha ikaundwa 1930, na kamusi hiyo uliyoshika ni kazi ya kamati, imejengwa juu ya kamusi ya zamani zaidi ya Madan. Basi huyo mtu wa Kibokoni alikuwa akikirudisha Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, penseli kwa penseli, ndani ya kitabu kilichokipiga kumbo.

Na kama unadhani maandishi ya pembeni hayana thamani, mkumbuke Muyaka, mshairi wetu wa Mombasa. Alikufa mnamo 1840, hakuacha kitabu. Tungo zake tunazo kwa sababu Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, alizikusanya na kuzifafanua kwa ajili ya Taylor, mmisionari Mwingereza. Diwani yenyewe ikaja kuchapwa Johannesburg mwaka 1940, baada ya wote watatu kufariki.

Kiziwa

Huyo mnunuzi hakukosea kwa vitabu vya shule, vikichorwa hushuka bei. Hapa amekosea. Piga picha kila ukurasa wenye penseli kabla hujaitia hiyo friza.

BintiLikoni

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimeangalia: ina mlolongo wa miaka, si ya kwanza. Niliumia kidogo, kisha nikaona haidhuru.

Jana usiku nilikaa na mamangu. Ana miaka 81, maandishi madogo hayaoni tena, kwa hiyo nikamsomea. "Ndia." Akaitikia, ndia. "Teka." Akacheka. Kisha akaniuliza mwenyewe: "Na chini je? Kaandika tini?" Nikafungua, nikatafuta penye chini, na taa ya simu nikaisogeza karibu. Imeandikwa, hafifu, kwenye kona ya chini ya ukurasa. Nikamwambia ipo. Akasema, "Basi huyo ni wa kwetu," akanitaka niendelee, tukaenda mpaka saa sita.

Picha nimepiga 143 na bado sijafika herufi M. Friza ni ya jirani yangu anayeuza barafu. Ameniachia pembe moja kwa wiki mbili, nikishamaliza picha.