Tupeane uzoefu: Wazee wetu waliotoka vitani wakawa wahandisi na walimu, nyumbani walikuwaje?

Mtoto wa Cheyo

Wakuu, salaam. Tumemzika baba hapa Tabora, na kaka zangu wamenitwika kazi ya kuandika kijitabu cha arobaini kwa sababu wasifu uliosomwa msibani haukumridhisha mtu. Ulikuwa kama wasifu wote: alizaliwa, alisoma, akaingia jeshini, akapigana Vita vya Kagera, akaenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mhadhiri hadi profesa, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Uongo haumo, ila na baba naye hayumo. Wastaafu wa jeshi waliokuja walikuwa wanamtaja kwa jina la utani ambalo sisi wanawe hatujawahi kulisikia. Wanafunzi wake, wengine vichwa vimeshajaa mvi, walikuwa wanaiga alivyogonga ubao kwa chaki. Mama alikuwa anawatazama tu.

Nianze mimi. Baba alikuwa uhandisi medani, wale wahandisi wa jeshi. Vita hakuisimulia, alisimulia madaraja. Majeshi ya Amin yalivunja daraja la Kyaka mapema Novemba 1978, jeshi letu likabaki ng'ambo ya huku ya mto Kagera mpaka yalipowekwa madaraja ya muda. Kwa baba, vita nzima ilikuwa pale mtoni. Kuanguka kwa Kampala, tarehe 11 Aprili 1979, alikutaja kwa sentensi moja. Mto Kagera aliuzungumzia mpaka ugali unapoa.

Darasani alilipenda daraja la Bailey, lile la fremu za chuma zinazofungwa kwa pini. Fremu moja ina uzito wa kama kilo 260, inabebwa na watu sita kwa mikono, kreni hakuna. Unalijenga upande wako wa mto, unalisukuma juu ya magurudumu, na mbele unalifungia pua nyepesi isiyo na sakafu ili lisije likainamia majini kabla ya kugusa ng'ambo. Sasa nyumbani, siku ya kuhamisha kabati la mama, tulipangwa sita kwa kimo, mmoja akapewa kutoa amri, na ole wake anayeinua kabla ya amri. Kabati lenyewe la watu wawili!

Mafundi wa mtaani walikuwa wanamwogopa. Alikuwa na timazi yake, uzi wa kushonea umefungwa nati kubwa. Fundi akishapandisha kozi chache, mzee anatoka na kiti, ananing'iniza uzi, anangoja nati iache kuyumba. Hasemi neno. Fundi mwenyewe anaona. Ukuta wa jiko ulibomolewa ukajengwa upya, na gharama ya kurudia alilipa yeye, akisema fundi hakupewa timazi tangu mwanzo.

Mwenye mzee wa namna hii aje. Nataka mambo ya nyumbani, vyeo tunavyo.

Mjukuu wa Ujiji

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee. Umenigusa hapo kwenye Bailey. Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, alikwenda Burma vita vya pili vya dunia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, matope mpaka kiunoni, ikaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944. Hapo juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la Bailey la kuelea, zaidi ya mita 350, wakati huo ndilo refu kuliko yote ya aina yake duniani. Babu hakuwa mhandisi, alikuwa mbebaji, lakini ukimsikiliza utadhani alilichora yeye.

Aliporudi akapata kazi karakana ya bandarini Kigoma. Kusoma alijua kidogo, ila injini aliisikiliza kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Sisi wajukuu tulipangiwa zamu ya kusikiliza mashine ya kukoboa ya jirani na kumwambia ina tatizo gani. Jirani hakuwa ameomba.

Wa Mlimani zamani

Mimi nilifundishwa na mmoja wa hao, sitamtaja. Kitivo cha uhandisi kilifunguliwa 1973, na katika walimu wazalendo waliokuja baadaye walikuwepo waliopitia jeshini. Ulikuwa unawajua. Saa mbili ni saa mbili, na mlango anaufunga mwenyewe.

Likizo moja nilikuwa kwetu Kigoma kwa mafunzo ya vitendo, akaja kutukagua. Badala ya kuanza na madaftari akatupeleka kuitazama Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Mnaijua habari yake: imetengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapo hapo Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasiwaachie adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wakazipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Profesa akatuwekesha mikono kwenye ribiti za ubavuni, mmoja mmoja, kisha akauliza: yule fundi aliyepaka grisi alikuwa anamfanyia nani kazi? Tukabishana hadi jua linazama. Jibu hakutoa, akatununulia migebuka ya kuchoma akaenda kulala.

Kwenye mtihani wake nilipata C. Mpaka leo naona alinionea.

Mpita njia

Mkuu hapo juu, hiyo C ulistahili. Endeleeni.

Binti wa Kiloleni

Nasoma natabasamu, lakini na mimi niseme langu, mnisamehe. Baba yangu alirudi Kagera akasoma ufundi, akafundisha chuoni miaka mingi. Wanafunzi wake wanamwita baba. Sisi tulimwita "mzee" na tulijua ratiba yake ya kunyamaza. Mvua kubwa ikinyesha kwenye mabati usiku, anaamka, anavaa viatu, anakaa sebuleni na taa imezimwa. Mama anaamka naye. Hasemi kitu, anachemsha chai ya tangawizi, anaweka mezani, anakaa kiti cha pili. Hiyo ndiyo ndoa yao niliyoiona. Kwenye wasifu wa baba hamna mstari hata mmoja wa ile chai, na bila ile chai sidhani kama angefundisha hata muhula mmoja.

Kwa hiyo Mtoto wa Cheyo, umesema mama alikuwa anawatazama tu. Umemuuliza?

Mtoto wa Cheyo

Sijamuuliza dada. Umenikamata. Yuko kwenye eda, nilidhani ni kumchosha.

Binti wa Kiloleni

Mchoshe. Nenda na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, kaa naye jikoni, sio sebuleni. Sebuleni atakusomea wasifu uleule.

Fundi Isevya

Mimi si mtoto wa profesa, ni mmoja wa mafundi waliobomoleshwa ukuta, labda huo huo wa jiko kama ni mzee ninayemdhania. Nilimchukia wiki nzima. Baadaye alinikuta mahali naweka nguzo za tanki la maji akaniuliza tanki likijaa lina uzito gani. Nikasema la lita elfu mbili. Akasema hizo ni tani mbili, zimesimama juu ya kokoto zako, umezipima? Akachuchumaa na suruali yake safi, akaniandikia kwenye udongo kwa kijiti. Leo siweki nguzo bila kufanya ile hesabu, na vijana wangu nawachosha nayo. Poleni sana familia.

Mwanga Sokoni

Wadau, mzee wetu huku Kigoma yu hai bado, alikuwa mgambo aliyechukuliwa vitani, baadaye fundi mkuu wa umeme. Amekubali nimrekodi kwa simu Jumamosi. Nimuulize nini kwanza? Nikitaja vita anasema "tulikwenda, tukarudi" basi.

Mjukuu wa Ujiji

Vita usiitaje. Muulize walikula nini njiani, na kwenye treni alikaa na nani. Na chaji simu ijae, akianza hatanyamaza.