Kadi za taroti kipindi kigumu, kuna mtu zimemsaidia kuona cha kushukuru?

kimyakimya:
Habari zenu wadau. Huu ni mwezi wa nne tangu nikose kazi, na mahusiano nayo yakavunjika wiki chache baadae, yaani mabalaa yaliamua kuongozana. Rafiki yangu akanipa pakiti yake ya taroti, zile karata za picha ambazo watu huzitumia kubashiri, imechakaa mpaka kona za kadi zimelainika kama kitambaa, akaniambia usitafute utabiri humo, kila asubuhi chomoa moja iangalie alafu andika. Naandika kweli, ila chini kuna mstari wa "cha kushukuru leo" na huo ndo unanishinda, siku nyingi naandika "niko hai" ili tu niuzibe. Leo imetoka Tano ya Vikombe, yule mtu wa joho jeusi kainamisha kichwa na vikombe vimemwagika mbele yake, nikafunga daftari nikasema hata kadi zinanisimanga. Je najidanganya tu?

mchangakarata:
Pole sana ndugu. Hebu itoe tena uhesabu. Vilivyomwagika ni vitatu, viwili vimesimama nyuma ya mgongo wake, na kule mbali kuna daraja la kuvuka mto. Hivyo viwili ndo mstari wako wa shukrani, anza nao.

swalitu:
Samahani kuingilia, hii si ni kupiga ramli tu kwa jina zuri?

mchangakarata:
@swalitu inategemea unaitumiaje. Zilianza kama karata za kuchezea kaskazini mwa Italia karne ya 15, mambo ya kubashiri yakashika kasi Ufaransa karne ya 18 huko. Hizi anazozisema zinafanana na zile alizochora Pamela Colman Smith, zilitoka London 1909. Kabla ya hapo pakiti nyingi, zile kadi 40 za namba zilikuwa na alama tu, vikombe vitano basi umemaliza, yeye akaweka watu na matukio ndo maana leo unaweza kukaa na kadi moja ukaongea nayo. Ila kama imani yako inakataza achana nazo, picha yoyote yenye watu ndani itakufanyia kazi hiyo hiyo.

mamawawili:
Mchangakarata nakuheshimu ila hapo kwenye "anza nao" tunagombana. Mi nilipofiwa kila mtu alikuwa ananigeuza shingo niangalie vilivyobaki, shukuru una watoto, shukuru una afya, nikawa nashukuru huku nimekunja ngumi. Na mchoraji mwenyewe hakumgeuza yule mtu, kamwacha anaangalia vilivyomwagika. Kwa hiyo mdogo wangu, anza na vile vitatu, vipe majina, usiandike "kazi", andika kilichokuuma hasa, labda ni kuamka asubuhi hakuna anayekusubiri popote. Mstari wa shukrani ukibaki mtupu wiki nzima uache mtupu, hakuna anayesahihisha hilo daftari. Na ukiona usingizi na hamu ya kula vimekata kabisa, kadi ziweke pembeni umuone mtu wa ushauri nasaha, hiyo ni kazi ya watu sio ya karatasi.

kimyakimya:
Nimerudi. @mamawawili nimefanya ulivyosema, cha kwanza nimeandika "hakuna wa kumwambia nimefika salama" na nimelia vibaya mno, sikujua kama hicho ndo kilikuwa kinauma, nilidhani ni pesa. Cha tatu sijakipata bado.
Alafu kuna kitu nimeona wakati nairudisha kwenye pakiti, hii kadi imechakaa kuliko zote, ina mkunjo katikati na doa la chai, wakati ile ya Jua iko kama mpya. Nikampigia mwenye pakiti nikamuuliza. Akanyamaza kidogo akasema hiyo alikuwa hairudishi, mwaka ule alikuwa analala nayo kando ya mto wa kitandani. Mi mwaka huo tulikuwa tunaonana karibu kila siku na sikujua lolote. Anakuja jioni.