RV-7: ribiti za mkiani zimelala, nizitoe au niziache?

Mkia_Kwanza: Wakuu, naomba ushauri. Niko kwenye mkia wa RV-7, ndege ya kujiundia ya kampuni ya Van's, lile bawa la mlalo. Ribiti (pini za kuunganishia mabati) ni AN426AD3-3.5, za kichwa bapa. Vichwa vya ndani, vile vinavyoumbika shina likipigwa, 12 vimelala upande, na ribiti mbili zimeacha alama ya hilali kwenye bati la nje. Presha ya kompresa ni psi 60. Nizitoe zote?

FundiBati: Weka drili chini kwanza, chukua kalipa ya kupimia. Shina la hiyo ribiti ni inchi 3/32, yaani mm 2.4. Kichwa cha ndani kinatakiwa upana wa shina mara moja na nusu, mm 3.6, na kimo cha nusu ya shina, mm 1.2. Kilichoinama kidogo na vipimo vimetimia, achana nacho. Kilichopasuka, au kilichohama mpaka ukingo wa tundu unaonekana, ndicho cha kutoa. Bati linaharibika zaidi wakati wa kutoa kuliko wakati wa kupiga, maana kila ukirudia tundu linapanuka.

Kleko_Fedha: Mchawi wako ni hiyo psi 60. Kwa bunduki ya kupigia ribiti ya saizi 3X na ribiti ya 3/32 anzia 30, pandisha kidogo kidogo. Chuma cha kukinga nyuma ya bati kitangulie kulalia shina sawasawa, ndipo ubonyeze. Kikikaa mshazari, ribiti inalala huko huko. Angalia na urefu. Kabla ya kupiga, shina litokeze mm 3.6. Likizidi hapo linapinda kama msumari. Tarakimu ya mwisho kwenye jina la ribiti ni urefu kwa sehemu za 16 za inchi, kwa hiyo -3.5 ni inchi 7/32. Penye mabati mawili membamba tu, jaribu -3 upime.

Hilali ni kichwa cha bunduki kuteleza. Tumia kile kipana chenye mpira pembeni. Mkwaruzo mdogo usugue kwa msasa laini mpaka ukucha usinase, kisha upake praima. Ukiuacha na ncha kali, ufa unaanzia hapo.

Mkia_Kwanza: Kutoa sasa, hatua zikoje? Na nikiziba kwa zile za pop, za kuvuta, za dukani?

FundiBati: Za dukani usiguse, nguvu yake haijulikani. Ndege ya RV-12 inatumia za kuvuta kwa sababu ilibuniwa hivyo, na ni za daraja la ndege.

Kutoa: ribiti ya AD (aina ya aloi yake) ina kishimo katikati ya kichwa, hapo ndipo pa kusimamisha keekee. Tumia keekee namba 41, ni nyembamba kidogo kuliko tundu. Toboa kina cha kichwa tu, ingiza panchi, kivunje kwa kukiinamisha. Kisha kinga nyuma kwa gogo lenye tundu, gonga shina taratibu litoke. Ukigonga bila gogo, ubavu wa ndani ya mkia unapinda.

Kleko_Fedha: Tundu likiwa yai, panua kwa keekee namba 30 uweke ribiti ya NAS1097AD4. Shina lake ni inchi 1/8 lakini kichwa ni kidogo, kinakaribia kile cha AD3. Ila kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati zibaki mm 6.4. Zikipungua, simama, waandikie Van's kabla hujatoboa.

Mkia_Kwanza: Nimepima. 9 zimetimia. 3 zinatoka, na presha nimeshusha hadi 30.