Tupeane uzoefu: siku jedwali lilipokataa kuundwa kwenye seva iliyo chumba cha pili

Fundi wa Usiku
Wakuu salaam. Nimelala saa kumi alfajiri kwa sababu ya mstari mmoja wa CREATE TABLE, amri ya kuunda jedwali kwenye kanzidata, nikaona nisiumie peke yangu.

Mazingira mnayajua. Seva iko chumba cha pili, MySQL (programu ya kanzidata) juu ya Linux. Mimi na laptopu yangu, wote tumechomekwa swichi moja. Nikikaa kwenye seva yenyewe, jedwali linaundwa kufumba na kufumbua. Nikirudi kwenye laptopu napata kosa 2003, haiunganiki, na pembeni yake 111. Nafungua faili la mipangilio, nakuta bind-address ni 127.0.0.1, yaani seva ilikuwa inajisikiliza yenyewe tu. Nabadilisha, nawasha upya. Likaja 1130: kompyuta yako hairuhusiwi. Natengeneza mtumiaji wa anwani yangu, likaja 1045: neno la siri limekataliwa. Nalirekebisha, naingia, nashangilia, naandika CREATE TABLE kwa madaha, napigwa 1142: huyu bwana hana ruhusa ya CREATE. Hapo nilicheka peke yangu gizani kama chizi.

Nikampa ruhusa, jedwali la kwanza likakubali. La pili, lenye ufunguo unaorejea lile la kwanza, likagoma na 1142 ileile. Nikafunika laptopu nikalala.

Haya, wewe lilikukuta lipi?

Kebo Fupi
Hapo kwenye 1045 umenitonesha kidonda.

Bi Jedwali
Kebo, tupo wengi. Mimi nilikesha nabadilisha neno la siri la yuza mmoja, nalibadilisha tena na tena, kila nikijaribu kutoka mbali ananikataa, nikijaribu kwenye seva ananipokea. Nilikuwa sijui kwamba kwa MySQL yuza wa 'localhost' (anayeingia akiwa kwenye seva yenyewe) na yuza wa '192.168.1.%' (anayeingia kutoka mtandao wa ndani) ni watu wawili, hata kama jina ni moja. Kila mmoja ana neno lake la siri na ruhusa zake. Nilikuwa namnyoa Juma, anayenisumbua ni Juma mwingine.

Poti Wazi
Mnajitesa. Zima fayawoli, bind-address weka 0.0.0.0 isikilize kote, GRANT ALL kwa '%', yaani ruhusa zote kutoka anwani yoyote, dakika mbili umemaliza. Mtandao ni wa ndani, nani atakuja?

Mlinzi wa Zamu
Poti Wazi, ushauri kama huu ndio unaotupa kazi sisi wengine. "Mtandao wa ndani" unakuwa wa ndani mpaka siku mtu afungue poti 3306, mlango wa MySQL, kwenye ruta ili afanye kazi akiwa nyumbani. Mwaka 2017 kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi zilifutwa kwa maelfu na kuachiwa ujumbe wa kudai bitcoin, haikuchukua muda MySQL nazo zikafuata. Wenyewe nao walisema nani atakuja.

Poti Wazi
Mkuu, mimi nazungumzia majaribio. Usinisomee hotuba.

Mlinzi wa Zamu
Majaribio ndiyo hugeuka ya kudumu. Ruhusu poti moja, kwa anwani za mtandao wako tu, na mpe yuza kanzidata moja, siyo dunia nzima.

Nukta Mkato
Wakati nyie mnagombana, naomba niseme jambo dogo kuhusu ile 111 ya Fundi. Hiyo namba ndogo watu wanairuka na ndiyo yenye habari. 111 ni kwamba umefika kwenye mashine, umegonga, umekataliwa pale pale, mara nyingi hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. 110 ni kwamba umegonga ukasubiri mpaka ukachoka, hapo shuku fayawoli inayomeza pakiti kimya kimya. Ukiwa Windows utaziona kama 10061 na 10060. Nimewahi kumwona mtu anafungua fayawoli siku nzima wakati namba ilikuwa 111.

Mwana wa Tembo
Hamieni kanzidata ya PostgreSQL jamani, haya mateso ya nini.

Bi Jedwali
Nilijua utakuja tu.

Kebo Fupi
Tembo, hebu usitudanganye. PostgreSQL nayo ukiisakinisha inasikiliza localhost peke yake, unabadilisha listen_addresses. Ukimaliza hapo inakwambia hakuna mstari unaokuhusu kwenye pg_hba.conf, faili la wanaoruhusiwa kuingia. Ukiandika mstari, unaingia, unaunda jedwali, unaambiwa huna ruhusa kwenye skima ya public, ile sehemu ya wote ndani ya kanzidata! Mimi hilo la mwisho liliniua. Skripti ileile ilifanya kazi miaka, tukahamia toleo la 15, ikagoma. Kumbe tangu toleo hilo, la mwaka 2022, mtu yeyote tu haruhusiwi tena kuunda vitu kwenye public mpaka mwenye kanzidata ampe CREATE.

Mwana wa Tembo
Hiyo ni kwa faida yako. Na husomi maelezo ya toleo jipya kabla ya kuhama?

Kebo Fupi
Wewe unasoma?

Mwana wa Tembo
😂 Tuendelee na mada.

Sauti ya Swichi
Ngoja niwaletee yangu, maana hadi leo nikisikia "ping inaenda" nakunja uso.

Seva mbili, moja ya programu na moja ya kanzidata, swichi katikati. Nilikuwa nahamisha majedwali kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Majedwali madogo yanaundwa bila shida. Kuna moja kubwa, safu mia na ushee, kila safu imeandikiwa COMMENT yake kwa sababu aliyelibuni alikuwa mtu wa maelezo mengi. Nikilituma, kimya. Siyo kosa, siyo chochote, mshale unapepesa tu. Mwisho wa yote 2013, muunganisho umepotea katikati ya amri.

Ping inaenda. Poti inafunguka. Naingia, nafanya SELECT, narudishiwa jibu. Ruhusa ninazo, si nimeunda mengine sasa hivi?

Nikaamini kuna safu yenye mkosi. Nikaanza kufuta safu moja, natuma, kimya. Nafuta nyingine, kimya. Nilipobakiza safu chache sana, likapita! Nikashangilia, nimemkamata mchawi, ni hii niliyoifuta mwisho. Nikairudisha peke yake kwenye jedwali jipya, nayo ikapita. Nikachanganyikiwa kabisa. Nikarudisha safu zile chache, likapita. Nikaongeza moja, yoyote ile, likagoma. Ikabidi niinuke nitembee kidogo.

Niliporudi, badala ya kufuta safu nikafuta zile COMMENT za mwanzo. Likapita na safu nyingi kuliko mwanzo. Hapo ndipo akili ilinirudi: tatizo ni urefu wa amri, siyo kilichomo. Kumbe kuna mtu aliziweka seva zote mbili MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) 9000 akitaka kasi, na swichi ya katikati haipitishi fremu kubwa. Kipande chochote kilichozidi 1500 kilikuwa kinatupwa bila taarifa. Ping ya kawaida kwenye Linux inabeba baiti 56 tu, itaacha vipi kwenda? Nikajaribu ping -M do -s 1472, yaani baiti 1472 bila kukatwa vipande, ikapita. Nikaweka 1473, kimya. Nikarudisha MTU 1500 pande zote, jedwali likaundwa na maneno yake yote.

Nukta Mkato
1472 na baiti 28 za vichwa, 1500 kamili. Safi sana hii, naihifadhi.

Poti Wazi
Mnaona? Haikuwa fayawoli.

Mlinzi wa Zamu
Hakuna aliyesema ilikuwa fayawoli.

Asiyelala
Mimi ni mgeni. Yangu fupi. Laptopu iko kwenye Wi-Fi ya wageni, seva kwenye kebo. Siku mbili. Wi-Fi ya wageni hairuhusiwi kuona mashine za ndani. Kwaheri.

Kidole Chepesi
Sikutaka kuandika. Nimesoma mpaka hapa nikaona bora niseme, imeshapita miaka.

Tulikuwa na seva mbili za MySQL, ya majaribio na ya kazi. Anwani zote zilikuwa zinagawiwa na ruta, hakuna aliyekaa chini kuzifunga. Ya majaribio tuliizoea, 192.168.1.20. Skripti yangu ya kuunda majedwali ilikuwa na hiyo namba ndani yake, na ilikuwa inaanza na DROP TABLE IF EXISTS, futa jedwali kama lipo, ili nisisumbuliwe na jedwali la jana. Neno la siri la seva zote lilikuwa moja. Najua. Msiniseme.

Mwisho wa wiki ruta ikaungua. Ikawekwa nyingine, ikaanza kugawa anwani upya kwa anayewahi. Seva ya kazi iliwahi. Hakuna aliyegundua, maana programu ilikuwa ndani ya seva hiyohiyo ikiongea na kanzidata kwa localhost, na watu walikuwa wanaifikia kwa jina, siyo kwa namba.

Jumatatu saa nne asubuhi nimekaa, nimerekebisha safu moja kwenye skripti, nikaiendesha. Huwa inamaliza mara moja. Siku hiyo ikasita. Nikatazama skrini, mstari wa kwanza: Query OK, 0 rows affected, na kwenye mabano sekunde 4.71.

Niliikodolea macho hiyo 4.71. Jedwali la majaribio lina rekodi kumi. Kulifuta hakuchukui hata robo sekunde. Mikono ikawa ya baridi kabla kichwa hakijaelewa. Nikaandika SELECT @@hostname, likarudi jina la seva ya kazi. Bado nalitazama hilo jina, nikasikia mtu chumba cha mbele anauliza, "Mbona orodha iko tupu?"

Bi Jedwali
Mungu wangu.

Kebo Fupi
Tumbo limeniuma kwa niaba yako.

Fundi wa Usiku
Mkuu usituache hapo. Ikawaje?

Poti Wazi
Si ungepiga ROLLBACK, amri irudi nyuma?

Nukta Mkato
Poti, kwenye MySQL, DROP na CREATE zinajikamilisha zenyewe zikishapita. ROLLBACK inabaki inakutazama.

Mwana wa Tembo
Naomba nikumbushe kwa unyenyekevu kwamba kwenye PostgreSQL ukifungua na BEGIN, hata DROP TABLE inarudishika kabla ya kuithibitisha kwa COMMIT.

Bi Jedwali
Tembo, mtu anasimulia msiba wewe unauza sanda.

Kidole Chepesi
Nilisimama, nikamwambia mkubwa wangu maneno matano: "Nimefuta jedwali la kazi. Mimi." Kitu pekee nilichofanya vizuri siku hiyo ni kutosubiri. Tukasimamisha programu ili watu wasiendelee kuandika. Bakapu ilikuwa ya usiku wa manane. Kilichotuokoa ni kwamba binlog, logi ya kila badiliko kwenye kanzidata, ilikuwa imewashwa. Tukarudisha bakapu kwenye mashine ya pembeni, tukatumia mysqlbinlog kurudia yote yaliyoandikwa tangu usiku, tukasimama hatua moja kabla ya DROP yangu. Kuitafuta hiyo nafasi ndani ya logi, ukisoma amri yako mwenyewe imeandikwa pale na saa yake, siwezi kuelezea. Tulimaliza saa moja usiku. Hakupotea mtu hata mmoja kwenye orodha.

Asiyelala
Walikufukuza?

Kidole Chepesi
Hapana. Nilipewa kazi ya kufunga anwani za seva zote. Nilizifunga siku ileile usiku.

Mlinzi wa Zamu
Na maneno ya siri?

Kidole Chepesi
Na maneno ya siri, afande.

Sauti ya Swichi
Nilidhani ya kwangu ni stori. Naondoka na MTU yangu.

Herufi Kubwa
Baada ya hiyo hata naona aibu kuleta yangu. Kwenye laptopu ya Windows jedwali "Wateja" na "wateja" ni kitu kimoja, kwenye seva ya Linux ni mawili. Niliunda moja, programu inatafuta jingine, naambiwa halipo na mimi naliona kwa macho. Andika yote herufi ndogo uishi kwa amani. Usitegemee kuja kubadilisha lower_case_table_names, mpangilio wa herufi za majina ya majedwali, baadaye, kwa MySQL 8.0 inawekwa seva inapoanzishwa mara ya kwanza tu.

Poti Wazi
Mimi nitakiri kidogo. Kuna siku niliunda majedwali arobaini, wenzangu wanasema hawayaoni, nawaita vipofu. Nilikuwa nimeyaunda kwenye MySQL ya laptopu yangu mwenyewe.

Mlinzi wa Zamu
Leo nimekusamehe yote.

Kebo Fupi
Hiyo SELECT @@hostname ya Kidole naiweka mstari wa kwanza wa kila skripti.

Nukta Mkato
Kuiweka haitoshi, ikikuonyesha jina na skripti inaendelea kukimbia utalisoma baada ya mazishi. Ifanye isimame jina lisipolingana. Au toa DROP kabisa, acha CREATE TABLE ikulalamikie kwamba jedwali lipo.

Bi Jedwali
Fundi wa Usiku, na lile jedwali la pili? Tumekusahau. Kagua aina za safu, INT na BIGINT hazioani kwenye ufunguo wa kigeni, hata INT yenye UNSIGNED na isiyo nayo.

Fundi wa Usiku
Zingekuwa aina, toleo langu lingenipa 3780, kosa la safu zisizooana. Nimefungua tena laptopu baada ya kusoma haya yote, nikaendesha ileile, 1142 tena. Safari hii nikasoma sentensi mpaka mwisho. Haisemi CREATE imekataliwa. Inasema REFERENCES imekataliwa. Jana usiku niliona namba tu, nikadhani ni ile ya mwanzo imerudi.

Kebo Fupi
😂😂 Mpe hiyo REFERENCES kwenye jedwali la kwanza ukalale.

Fundi wa Usiku
Nimempa. Query OK, sekunde 0.04. Na ndiyo, nimeangalia hostname kwanza.