Naomba ushauri: nitatambuaje kiwanda kilichotengeneza kioo cha kompyuta mpakato, na ubora wake?

Mchora Nembo (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kusanifu nembo na kuhariri picha. Ofisini tuna kompyuta mpakato mbili za chapa moja na modeli moja, zilizoagizwa kwa pamoja, lakini picha ileile ikifunguliwa kwenye zote mbili, nyekundu ya moja hupauka na kuelekea rangi ya tofali, ilhali ya nyingine hukolea inavyopaswa. Nimelinganisha mipangilio ya mwanga na ya rangi, nikaondoa kila programu inayoweza kuingilia rangi, na tofauti imebaki palepale. Nimesikia kwamba kampuni zinazouza kompyuta kwa kawaida hazitengenezi vioo zenyewe, bali hununua paneli kutoka viwanda vingine. Kwa kuwa nakaribia kununua mashine yangu mwenyewe, naomba kujua mambo mawili: nitatambuaje kiwanda kilichotengeneza kioo bila kuifungua mashine, na ni kiwanda gani ambacho paneli zake zinaaminika zaidi?

Msoma Lebo

Ndugu, ulilosikia ni kweli. Sehemu kubwa ya paneli za kompyuta mpakato hutoka kwa kundi dogo la viwanda: LG Display na Samsung Display za Korea Kusini, AU Optronics na Innolux za Taiwan, BOE ya China na Sharp ya Japani, pamoja na vingine vichache. Muuzaji wa kompyuta hupenda kuwa na wasambazaji wawili au watatu kwa modeli moja, ili mmoja akikwama kazi isisimame, na ndiyo maana karatasi ya sifa huishia kwenye inchi 15.6 na pikseli 1920 kwa 1080 bila kuitaja paneli yenyewe.

Kutambua kiwanda bila kugusa skrubu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kila paneli hubeba kumbukumbu ndogo yenye maelezo yake, iitwayo EDID, ambayo kompyuta huisoma inapowaka. Kwenye Windows, fungua Device Manager, nenda kwenye orodha ya monita, ingia kwenye sifa za monita ya ndani, kisha katika ukurasa wa maelezo chagua kipengele cha Hardware Ids. Utaona herufi tatu zinazofuatwa na alama nne. AUO ni AU Optronics, LGD ni LG Display, BOE na SHP zinajieleza, SDC ni Samsung Display, na CMN ni Innolux. Hiyo ya mwisho huwachanganya wengi, lakini ni mabaki ya muungano wa Innolux na Chi Mei wa mwaka 2010. Kwa anayetumia Linux, amri ya edid-decode ikielekezwa kwenye faili la edid lililo chini ya /sys/class/drm humpa mara nyingi hata namba kamili ya paneli. Ukikuta LEN, usidhani umegundua kiwanda kipya: Lenovo huweka herufi zake kwenye baadhi ya mashine, na hapo itakubidi usome maandishi yaliyo ndani zaidi ya EDID.

Swali lako la pili nawaachia wengine, ingawa nina shaka kama ndilo swali lenyewe.

Fundi Taratibu

Shaka hiyo ninayo pia. Kubadilisha vioo ndiyo kazi yangu, na bado sijaona msingi wa kusema kiwanda hiki ni kizuri na kile ni kibaya, kwa sababu kila kimoja kina paneli za daraja la chini kabisa na paneli za watu wa picha, na zote hubeba herufi tatu zilezile. Kinachosema kitu ni namba kamili ya paneli. Chukua B156HTN na B156HAN za AU Optronics: 156 ni inchi 15.6, T inaashiria TN, aina ya paneli ambayo rangi zake hugeuka ukikitazama kioo kutoka chini, na A inaashiria AHVA, teknolojia yao ya jamii ya IPS, yaani paneli za pembe pana ambazo rangi zake hutulia hata ukizitazama kutoka pembeni. Kwa BOE, namba inayoanza na NT156 ni TN, na inayoanza na NV156 ni ya pembe pana. Tangazo likiandika IPS na wewe ukakuta AHVA, au ADS ya BOE, hujaibiwa. Kwa macho ya mtumiaji zinafanya kazi ileile.

Tafadhali weka hapa namba za mashine zote mbili, kwa sababu bila namba hizo tutabaki kubahatisha tu.

Mchora Nembo

Ahsanteni sana. Nilitarajia kukuta viwanda viwili tofauti, lakini mashine zote mbili zinaonyesha CMN. Programu ya kusoma EDID imenipa N156HCA-EAB kwa ile iliyopauka na N156HCE-EN1 kwa ile nzuri. Nikizitazama kutoka pembeni, zote zinatulia bila kugeuza rangi, kwa hiyo nadhani hakuna TN hapo. Je, hii ina maana kwamba mashine moja ina hitilafu?

Jicho Kali

Haina hitilafu yoyote; imepewa paneli ya daraja jingine kutoka kiwanda kilekile. Zote mbili ni za jamii ya IPS, ila ya kwanza hutajwa kuwa na asilimia 45 ya NTSC na ya pili asilimia 72. NTSC ni kipimo cha eneo la rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha, kilichorithiwa kutoka televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, na wauzaji wa paneli wameking'ang'ania hadi leo. Kwa kazi yako, kumbuka kwamba asilimia 72 ya eneo hilo inakaribiana kwa ukubwa na eneo la sRGB, yaani rangi ambazo kurasa nyingi za intaneti na picha nyingi za kamera huandaliwa kwazo, wakati asilimia 45 haifiki hata theluthi mbili za sRGB. Nyekundu iliyokolea ya nembo yako haimo kabisa katika uwezo wa kioo kile. Kifaa cha kupimia na kusahihisha rangi kitazipanga vizuri zile zilizomo, lakini hakiwezi kuumba isiyokuwamo, kwa hiyo usitumie fedha huko.

Hapo ndipo neno IPS kwenye tangazo linapowapoteza wanunuzi, kwa kuwa linaeleza pembe ya kutazama na kunyamaza kuhusu rangi. Kuhusu mwanga, ambao hupimwa kwa niti, niti 250 zinatosha ndani ya chumba, ila ukiketi karibu na dirisha utatamani 300 au zaidi. Angalia pia kama taa ya nyuma inapepesa mwanga ukipunguzwa: elekeza kamera ya simu kwenye kioo cheupe, na ukiona mistari myeusi inatembea, ujue mwanga unapunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka. Wengine hawalihisi hilo, wengine huumwa kichwa.

Mnunuzi Makini

Natofautiana kidogo na waliotangulia, si kwa ukweli wa maelezo bali kwa matumizi yake. Namba ya paneli huijui mpaka mashine iwe mikononi mwako, na hata mchambuzi aliyeipima modeli hiyo huenda alipewa yenye kioo tofauti na kitakachokufikia. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuta modeli ambayo mtengenezaji mwenyewe ameandika asilimia 100 ya sRGB katika karatasi ya sifa, kwa sababu hiyo ni ahadi unayoweza kumdai, na kiwanda chochote atakachotumia itabidi kiitimize. Namba ya paneli itumie baada ya kununua, ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha.

Mchora Nembo

Nimeelewa, na kwa mashine yangu mpya nitafuata njia hiyo. Linabaki moja: je, ile ya ofisini iliyopauka inaweza kuwekewa paneli kama ya mwenzake?

Fundi Taratibu

Inawezekana, na kwako ni rahisi zaidi kwa sababu mwili wa mashine ni uleule. Hata hivyo, usiagize kwa namba ya EDID peke yake. Fungua fremu, usome lebo iliyo mgongoni mwa paneli zote mbili, kisha ulinganishe idadi ya pini za kiunganishi, ambazo kwa paneli za pikseli 1920 kwa 1080 za herzi 60 (zinazochora picha upya mara 60 kwa sekunde) kwa kawaida ni 30, na kwa zenye kasi kubwa au zenye mguso mara nyingi ni 40. Linganisha pia masikio ya kufungia skrubu, maana kuna paneli zenye masikio, na kuna zisizo nayo ambazo hushikwa kwa gundi ya utepe. Siku ya kazi, chomoa betri ndani ya mashine kabla ya kugusa waya wa kioo. Kuizima tu hakutoshi, kwa kuwa fyuzi ya taa ya nyuma iliyo kwenye ubao mama huungua kwa urahisi kiunganishi kikivutwa kukiwa na umeme, na hapo paneli mpya itabaki giza ingawa haina kosa.