Naomba ushauri: mgagani wangu unatoa maua ukiwa bado mdogo na mboga inakuwa chungu

mama_wa_Nkuhungu:
Wakuu habari za mchana. Nipo Dodoma mjini, nimepanga huku Nkuhungu, uwanja mdogo kwahiyo napanda mboga kwenye viroba vya unga na ndoo mbovu. Mchicha na matembele vinanikubali, shida ni zile mboga zenye ladha yake, mgagani na giligilani. Mgagani ukifika shubiri moja tu tayari una maua meupe juu, majani yamekuwa madogo magumu, na nikipika unakuwa mchungu mpaka watoto wanasogeza sahani. Giligilani nayo yale majani mapana yanaisha yanakuja membamba kama nyuzi halafu maua. Namwagilia kidogo kila asubuhi maji ya kisima na sasa udongo juu umeweka utando mweupe, ukigusa unabaki kwenye kidole. Bibi yangu Kongwa alikuwa anapika mgagani na maziwa unakula mpaka unafuta sufuria na ugali, nataka wanangu wakijue kile chakula sio chainizi kila siku. Nakosea wapi jamani?

Mkulima_Hombolo:
Dada pole. Huo utando ni chumvi. Visima vingi vya huku kwetu maji yana chumvi, sasa kwenye kiroba unamwagilia kidogo, maji yanakauka, chumvi inabaki pale pale. Kwangua huo udongo wa juu uutupe, ongeza matundu chini, halafu mara moja kwa wiki mwagilia mengi mpaka yatoke chini yenyewe. Ukipata ya mvua anza na giligilani maana inadeka kuliko zote, mchicha unavumilia ndio maana haukusumbui.

Maua yanaletwa na joto na kiu, mmea ukiteseka unakimbilia kuzaa mbegu. Giligilani iweke upande unaopata jua la asubuhi tu, usiihamishe, sia hapo hapo. Ile punje ya duara ndani zimo mbili, isugue na chupa ipasuke kwanza. Na usisie zote siku moja, tupia kidogo kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa 6 na wa 7 kukiwa na baridi ndio utaifurahia.

bibi_mboga:
Naongezea kwenye mgagani. Ule hata uupe maji ya kutosha maua utatoa tu, ndio tabia yake, kwahiyo wewe uwahi. Wiki ya nne hivi kata ncha, utachipua matawi pembeni, na kila kikonyo cha maua kikichungulia nyofoa bila huruma. Utachuma wiki kadhaa. Mwache mmoja uzae mbegu ila mbegu mpya usizipande hapo hapo zitagoma kuota, zikae miezi mitatu minne kwanza.

Mama Chilonwa:
Mwanangu mimi nakuja na la jikoni, maana mgagani kuwa mchungu ndio asili yake hata ukiulima vizuri namna gani. Chambua majani tu, vikonyo vigumu acha. Maji yatokote kwanza ndio utumbukize, uchemke mpaka ulainike, mwaga yale maji, weka maziwa na chumvi, moto mdogo mdogo hadi maziwa yashike majani. Halafu usiule. Ulaze. Kesho ongeza maziwa pasha tena, hapo ndio utakutana na mboga ya bibi yako, nina uhakika hakuwa anapika na kula siku ile ile.

Mkulima_Hombolo:
Mama shikamoo, ila hapo kwenye kumwaga maji sikubaliani, vitamini nyingi zinaenda nayo. Mimi nachanganya na majani ya kunde nusu kwa nusu naweka karanga za kusaga, uchungu unapungua na hakuna kinachomwagwa.

Mama Chilonwa:
Marahaba baba. Kwa mtu mzima sawa, ila watoto wakishaukataa mara moja kuwarudisha ni kazi. Waanze na uliomwagwa, wakizoea ndio apunguze.

mama_wa_Nkuhungu:
Asanteni sana kwa moyo wenu. Nimetoka kukagua viroba, vitatu havina hata tundu moja chini, nimevitoboa na msumari wa moto. Mgagani uliopo nimeukata ncha wote. Mama, ni maziwa freshi au ya mgando?

Mama Chilonwa:
Freshi mwanangu. Ya mgando yakichemka yanakatika yanakuwa madonge madonge.